Chuma Nacho Huchoka

Chuma kinachoshikilia injini ya mtumbwi kikatikapo, wavuvi wengi wa Bukoba na Muleba hudhani kilikuwa chembamba mno, na fundi huchomelea kinene zaidi. Aghalabu dawa hiyo haigusi chanzo cha maradhi.

Injini izungukayo mara 3,000 kwa dakika hutikisa kishikizo chake mara 180,000 kwa saa. Kwa saa 6, zaidi ya milioni moja. Kila mtikiso ni hafifu, lakini kwa wingi wake huanzisha ufa penye kona kali, tundu la bolti au ukingo wa mahali palipochomelewa. August Wöhler wa Ujerumani aliyathibitisha hayo kwa ekseli za magari-moshi katika karne ya 19.

Basi kona ziviringishwe, nati zikazwe, mpira utenganishe injini na msingi wake, na ufa utafutwe kabla ya kila safari. Wahenga walituasa tuzibe ufa. Katika chuma kilichochoka, tukibadilishe. Vyuo vyetu vya ufundi havina budi kulifundisha jambo hili, kwani baina ya Bumbire na nchi kavu hakuna karakana.