Majani mabichi yasiwekwe kidondani

Mgonjwa wa kisukari anaweza kuchomwa na msumari asubuhi na asijue mpaka jioni, anapovua kiatu na kukuta soksi imelowa damu. Mguu umekufa ganzi, na damu haifiki vizuri vidoleni. Kidonda cha namna hiyo hakifungi upesi. Wapo wanaokimbilia mwarobaini uliotwangwa au utomvu wa shubiri, na wakifika hospitali mguu umeshaanza kuoza.

Lakini kuidharau mimea nako ni kosa.

Taiwan imeonyesha njia. Huko ilitengenezwa krimu iitwayo ON101 kutokana na mimea miwili, Centella asiatica na Plectranthus amboinicus, ikajaribiwa kwa wagonjwa 236 wenye vidonda vya miguu. Matokeo yalichapishwa 2021: katika wiki 16, asilimia 60.7 ya waliopakwa krimu walipona kabisa, dhidi ya asilimia 35.1 ya waliofungwa bandeji maalumu ya kunyonya majimaji. Krimu hutuliza chembe za kinga zinazochochea uvimbe usiokwisha, ngozi mpya ikapata nafasi ya kuota.

Na huo Plectranthus, wenye majani manene yenye harufu kali, ni mmea wa asili wa Afrika Mashariki! Muhimbili ina taasisi ya tiba asili tangu miaka ya 1970. Serikali iipe fedha za majaribio ya kiwango hicho, kwa wagonjwa wa hapa. Kwa sasa, mwenye kidonda akioshe kwa maji safi, akifunike, na awahi kliniki siku hiyohiyo.