Beji ya mionzi haikai kabatini

Kama mkeo, mumeo au binti yako anafanya kazi kwenye chumba cha eksirei, huenda siku ya kufua umewahi kukuta kibeji cha plastiki kwenye mfuko wa koti lake. Wengi hudhani ni kitambulisho. Hicho ni kipima mionzi.

Ndani yake kuna vipande vidogo vya fuwele, mara nyingi vya lithiamu floraidi. Mionzi ikipita, fuwele hutunza sehemu ya nguvu yake. Baada ya muda uliopangwa beji hupelekwa maabara. Hapa Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki hutoa huduma hiyo. Fuwele hupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, nazo hutoa mwanga hafifu. Mwanga ukiwa mwingi, mionzi nayo ilikuwa mingi. Kwa kawaida hupashwa kwa kisahani cha umeme au hewa ya moto, kwa sekunde kadhaa. Watafiti wametumia pia mwale wa leza, unaomaliza kazi kabla sekunde moja haijaisha.

Kwa vyovyote vile, joto likishatoa mwanga ule, kumbukumbu imefutika. Kwa hiyo usipige pasi koti lenye beji mfukoni, wala usiiache kwenye gari juani.

Jambo jingine: beji haikingi mionzi, inahesabu tu, tena pale ilipo. Ikisahaulika kabatini itaonyesha kwamba mama hakupata kitu, hata kama alishinda karibu na mashine wiki nzima. Ikiachwa chumba cha mashine itamsingizia. Na haiazimwi.

Kwa mama mjamzito hesabu hii ni nzito zaidi. Viwango vya kimataifa humruhusu mfanyakazi wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka. Lakini mama akishatoa taarifa ya ujauzito, mtoto aliye tumboni asizidishe milisiverti 1 kwa miezi iliyobaki. Ulinzi huo huanza siku anaposema. Najua mila zetu: mimba changa haitangazwi. Sawa, majirani wasubiri, ila msimamizi wa kazi aambiwe mapema, na beji ivaliwe usawa wa tumbo, chini ya aproni ya kinga.

Nawe baba, mkeo anapoaga asubuhi, muulize: "Beji umechukua?"