MAMBO YA NYUMBANI: Tofaa Lililochubuka Lisitupwe

Mama msomaji, tofaa tunalolitaja leo si lile la pwani lililojaa maji, bali ni tunda la nchi za baridi ambalo wengi huliita epo. Hapa Kenya hustawi katika nyanda za juu kama Limuru, lakini mengi ya sokoni huletwa kutoka Afrika ya Kusini. Kwa ajili ya safari hiyo ndefu bei yake hupanda, na mengine hufika yamechubuka, ndipo muuzaji huyatenga katika fungu la bei nafuu. Wengi hulipita fungu hilo. Mwenye busara hulinunua akapika rojo.

Lakini kwanza yafaa kujua tofauti ya kuchubuka na kuoza. Palipochubuka hukatwa, na nyama iliyobaki ni njema. Tofaa lililooza au kuota ukungu litupwe lote, kwa maana sumu ya ukungu huo haitoweki kwa kupikwa. Kuokoa senti kisha kuugua si uwekevu.

Chukua matofaa kilo moja, uyaoshe, uyamenye, utoe mbegu, uyakate vipande vidogo. Yatie katika sufuria pamoja na maji nusu kikombe, maji ya ndimu kijiko kimoja, kijiti cha mdalasini chenye urefu wa kidole, kipande cha tangawizi na karafuu 3. Karafuu zihesabu, ili uzitoe zote kabla ya kuponda. Moja ikisalia yaweza kumkaba mtoto. Funika, upike kwa moto mdogo kiasi cha dakika 20, ukikoroga kwa mwiko lisishike chini. Yakiisha kulainika, toa viungo, uponde, ndipo uonje. Rojo likiwa chachu, ongeza sukari kidogo kidogo.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 umpe lisilotiwa sukari. Na aliye chini ya mwaka mmoja asitiliwe asali kamwe. Wakubwa watalifurahia kwa chapati, mkate au uji.

Lisilale katika sufuria ya alumini, kwani uchachu huila sufuria. Lihamishie bakuli la kioo lenye kifuniko. Penye jokofu hukaa siku 3. Pasipo jokofu, pika la kuliwa siku ile ile.

Basi upitapo sokoni juma hili, lisimamie fungu lile kwa macho makali: lililochubuka ulichukue, lililooza uliache.