Staa Wetu, Hiyo 109 Siyo Orijino: Springi Zimekuumbua

Jamani, kuna neno limetumika mjini hapa mpaka limechoka: orijino. Wigi orijino, perfyumu orijino, simu orijino, na sasa tumehamia kwenye magari ya kizamani. Kuna staa wetu mmoja, jina tunaliweka kapuni ingawa nusu yenu mmeshamjua, ametupia picha na Land Rover 109 pale Bagamoyo. Nyuma yake ukuta wa matumbawe wa Mji Mkongwe, kichwani kofia ya pama, mguu mmoja juu ya bampa. Maelezo yake: "Series III ya 1974, orijino mpaka nati." Siku tatu baadaye mkoko ukawekwa sokoni. Bei iliyotajwa unapata kiwanja Mapinga, tena chenye hati.

Sina tatizo na picha wala pama. Tatizo langu ni hilo neno, kwa sababu limewekewa bei na kuna kijana mwenzetu atalilipia.

Hebu irudie ile picha, ivute kwa vidole viwili. Achana na miwani. Shuka chini ya bampa la mbele, pale springi inapoanzia kwenye chasisi. Unaona nini? Vyuma viwili vinene, kati yake kuna upenyo unaoweza kupitisha mkono. Hapo mchezo umeisha, wala fundi hahitajiki.

Land Rover Series, tangu zilipoanza mwaka 1948 mpaka Series III ilipofika mwisho 1985, zilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, zikiwa na springi za vyuma bapa vingi, vyembamba, vimelaliana kimoja juu ya kingine kama chapati kwenye sahani. Idadi yake inacheza kwenye kumi hivi, kutegemea ni springi ya mbele au ya nyuma, injini ya petroli au ya dizeli. Vinagusana urefu mzima na vimebanwa kwa vibanio vya chuma visitawanyike. Hiyo ya staa, yenye vyuma viwili au vitatu vinene katikati na vinavyokonda kuelekea nchani, inaitwa parabolika. Ilikuja baadaye kutoka kwa watengeneza spea. Solihull hawakuwahi kuifunga kwenye Series.

Parabolika siyo takataka. Ni laini, na ukitoka Bagamoyo kwenda Saadani kwa barabara ya vumbi, kiuno chako kitakushukuru. Ila ina masharti yake. Zile springi za zamani vyuma vyake vinasuguana, na ule msuguano wenyewe unapunguza kudunda. Parabolika hazina msuguano wa namna hiyo, kwa hiyo zinataka shokapu za kwake. Ukizifunga na shokapu zilezile zilizochoka, kila tuta la barabara ya Msata gari linaruka kama mbuzi. Sasa mnunuzi atalijuaje hilo kama ameambiwa ni orijino mpaka nati? Ataenda dukani kuulizia shokapu za kawaida za 109, atafunga, na ataendelea kudunda huku akimtukana fundi wake bure.

Kuna alama nyingine ambayo mastaa wetu hawaijui, na hii ndiyo tamu. Springi orijino za Series, ya upande wa dereva na ya upande wa abiria, hazikuwa sawa. Ya dereva ilipindwa zaidi, yaani upinde wake ni mrefu kidogo, kwa sababu upande ule unabeba uzito muda wote hata kama gari halina abiria. Zikishabebeshwa gari, gari linakaa sawa. Ukizivua na kuzilaza sakafuni pamoja, utaona moja imeinuka kuliko mwenzake. Kwetu sisi iliyoinuka inakaa kulia. Gari lililotokea Burundi au Kongo, usukani kushoto, inakaa kushoto, na likigeuzwa usukani bila kugeuzwa springi litalala upande mmoja maisha yake yote. Ukiona 109 imeinama kidogo kama mtu aliyebeba ndoo, usikimbilie kusema chasisi imepinda. Uliza kwanza springi zilifungwa na nani.

Kwa hiyo anayekwambia "springi orijino" muulize swali moja tu: ya dereva ipi na ya abiria ipi? Akikwambia zote ni sawa, beba simu yako uondoke.

Halafu kuna namba. Springi nyingi za zamani ziligongwa namba ya spea kwenye chuma chenyewe. Imejaa rangi, tope na kutu, lakini ukisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa kidogo inaanza kujitokeza. Unailinganisha na kitabu cha spea cha gari hilo, cha mwaka wake, cha injini yake. Namba ikikosekana haimaanishi moja kwa moja ni feki, maana kutu ya pwani inakula hata maandishi. Ila namba ikiwepo na ikakataa kwenye kitabu, hapo hakuna mjadala. Na ukiwa hapohapo chini, angalia bushi kwenye macho ya springi. Za kiwandani ni mpira mweusi ulioshikana na kikombe cha chuma. Ukikuta za plastiki ngumu, za njano au nyekundu kama pipi, ujue mtu ameshapita hapo. Za staa wetu ni za njano. Zinaonekana kwenye picha aliyopiga mwenyewe!

Najua mtakavyoandika kwenye komenti. "Nani anaangalia chini ya gari?" "Wivu tu." "Muhimu linatembea."

Sawa, kama muhimu ni kutembea basi liuze kama gari linalotembea. Lipunguzie bei hiyo ya kiwanja. Huwezi kuchukua pesa ya orijino halafu ukiulizwa unajificha kwenye kutembea. Hata bodaboda inatembea.

Na msidhani ni huyu mmoja. Kuna mchekeshaji, naye kapuni, ana Mercedes W123, ile iliyotengenezwa kuanzia 1976 mpaka katikati ya miaka ya 80, ambayo wazee wetu waliiheshimu kuliko benki. Yake imelala chini mpaka tairi linakwangua matao. Anasema ndivyo ilivyotoka Ujerumani. Ndugu yangu, Mjerumani hakuleta gari Afrika likwangue matao. Hiyo springi imekatwa.

Kwenye W123 springi ni za kuzunguka, zile koili, na kiwanda kilikuwa na utaratibu wake. Springi ina alama za rangi zilizopakwa kuonyesha ugumu wake, na juu yake kunakaa kipande cha mpira chenye vinundu. Kinundu kimoja, viwili, vitatu au vinne. Kila idadi ni unene wake, kuanzia milimita 8 mpaka 23, na fundi anachagua mpira kulingana na springi na vitu vilivyomo kwenye gari ili urefu ukae sawa. Yaani Mjerumani alishapanga namna ya kunyanyua na kushusha bila kugusa chuma. Sisi tumeleta grinda.

Iliyokatwa unaijua kwa kuangalia ncha. Ya kiwandani imemalizwa vizuri na ina mipako yake mpaka mwisho. Ya grinda ina mikwaruzo, imeng'aa au imeota kutu mahali pale tu. Iliyokatwa kwa moto ndiyo mbaya zaidi: chuma karibu na ncha kinabadilika rangi, kinakuwa bluu-bluu, maana moto umeua ule ugumu wa springi. Ikishakatwa inakuwa ngumu kupita kiasi na fupi kupita kiasi, na inaweza isikae vizuri kwenye kikalio chake. Hapo tumeshatoka kwenye urembo. Yule jamaa anabeba watoto wa watu wikendi kwenda kula bata Mbweni, wanarudi usiku, spidi tisini. Springi ikihama kwenye kikalio pale Bunju, nani atapiga selfi?

Wa tatu ni mtangazaji, naye ndiye aliyenichekesha mpaka nikalia. Ana Volkswagen Beetle ya bluu, nzuri kweli, rangi imekaa. Akaandika kwamba "springi zote nne ni orijino za kiwandani." Springi nne zipi, mama? Beetle ya kawaida haina springi za koili wala hizo za bapa kama za Land Rover. Mbele ina mirija miwili ya chuma, ndani yake kuna mafungu ya vyuma vinavyojinyonga tairi likipanda. Nyuma kila upande una fimbo ya chuma inayojinyonga vilevile. Baadaye yalikuja matoleo machache yaliyokuwa na koili mbele, lakini mbele tu, siyo nne. Kwa hiyo aidha gari lake lina kitu ambacho kiwanda hakikuweka, au hajawahi kuinama. Mimi nadhani hajawahi kuinama, na madalali ndivyo wanavyompenda.

Tuseme ukweli kuhusu madalali. Tangu lile tamasha la Land Rover Arusha mwaka 2024, kila mwenye pesa kidogo anataka 109, na dalali amejua kwamba mteja wa siku hizi anaangalia rangi, viti vya ngozi na redio. Kwa hiyo gari linapita gereji, linapigwa rangi ya kijani ya jeshi, linawekewa taa za duara, na springi zilizochoka zinang'olewa. Zinaenda wapi? Zinapimwa kwenye mzani wa chuma chakavu. Wahunzi wanazigombania, kwa sababu chuma cha springi ni kizuri mno kwa panga, shoka, hata tezo za mafundi wa majahazi. Siwalaumu hata kidogo, wao wanajua thamani ya kitu kuliko mwenye gari. Lakini fikiria: springi zilizolifanya gari hilo kustahili neno orijino zinaweza kuwa zinafyeka nyasi Kerege wakati huu, na wewe unalipia neno tupu.

Na mara nyingi hazikuwa zimekufa. Pwani yetu ina chumvi, na chumvi inaingia kati ya bapa na bapa, kutu inavimba na kuvisukuma vyuma mpaka vinaachana. Mtu anaona mianya, anasema springi imekwisha. Fundi mzuri anaifungua, anasugua kila chuma, anatazama nyufa, hasa kwenye chuma kikuu chenye macho na karibu na tundu la bolti ya katikati. Kilichopasuka kinabadilishwa peke yake. Vilivyobaki vinarudishiwa upinde wake, vinapakwa grisi, vinafungwa upya. Mafundi wa kazi hiyo wapo, ukizunguka Gerezani huwakosi. Na hata ukitengenezewa springi mpya kabisa hapahapa Dar, kwa kipimo cha ile ya zamani, mimi nitakupigia makofi, ilimradi uandike hivyo: springi zimetengenezwa Dar, fundi fulani, mwaka fulani. Nimechoka kuona kazi ya fundi wa Gerezani inafichwa kama mtoto wa nje, halafu sifa anapewa Mwingereza ambaye hakuigusa.

Wala tusijifanye historia ya magari ni ya wazungu wa Ulaya tu. Mwaka 1966 na 1967, mfululizo, East African Safari ilichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, madereva waliokuwa wakiishi hapahapa Tanzania, wakiwa na Peugeot 404. Tope, mawe, mashimo, gari likafika. Watu wanaofika mwisho wa safari ya namna ile wanajua kila kilicho chini ya gari lao. Leo mtu anashindwa kuinama sekunde tano kwenye lami ya Bagamoyo kwa sababu suruali ni nyeupe.

Kuna mdau mmoja alikuwepo gereji siku staa wetu alipolifuata lile gari, akanisimulia walivyoongea. Fundi alimwambia, "Bosi, hizi springi siyo za kwake, ila nimefunga vizuri. Za zamani nimekuwekea pale kwenye kona." Jibu la bosi: "Fundi, hizo kutu nifanyie nini? Tupa." Kwa hiyo alikuwa anajua. Aliambiwa mdomoni, kabla ya Bagamoyo, kabla ya pama, kabla ya "mpaka nati."

Basi staa wetu, kama tangazo bado lipo, kazi ni ndogo. Rudi kwa yule fundi ukaulize kama ile kona imeshafagiliwa. Kama springi bado zipo, mpe mnunuzi pamoja na gari na umwambie zilivyo. Kama hazipo, futa hilo neno kwenye tangazo na ushushe bei. Halafu vaa suruali nyeusi, lala chini ya gari, piga picha mbili, upande wa dereva na upande wa abiria, uziweke palepale ulipoweka ile ya pama. Tunasubiri.