FEDHA MOJA KWA NCHI ZETU

Wanachama wenzetu, habari ya fedha moja ya Afrika Mashariki wengi wetu twaisikia kama jambo la mabwana wakubwa wa mabenki. Sivyo. Ni jambo la kila mtu apokeaye mshahara mwisho wa mwezi.

Wala si jambo geni. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, makao yake London. Mwaka 1920 florini ilishika mahali pa rupia; punde ikaja shilingi, mbili kwa florini moja. Unguja iliingia mwaka 1936, rupia moja ikabadilishwa kwa Sh. 1/50. Shilingi hiyo ilipokelewa sawasawa Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, hata ulipofika mwaka 1966 kila nchi ikafungua benki yake kuu na kutoa noti zake.

Faida ya umoja yaonekana hapa Kariakoo. Mnunuzi atokaye Kampala au Lubumbashi kila abadilishapo fedha hupungukiwa kidogo, na upungufu huo huingia katika bei.

Mkataba ulitiwa sahihi Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ukitaraji fedha hiyo mwaka 2024. Mwaka huo umepita. Sasa watajwa 2031. Hatunung'uniki, kwani masharti yake ni ya haki: bei zisipande kupita asilimia 8 kwa mwaka, na nakisi ya serikali isizidi asilimia 3 ya pato la nchi. Walao chungu kimoja sharti wajuane nani atia na nani achota.

Walakini liko neno la kudai mapema. Mfanyabiashara aweza kubadili bei asubuhi hiyo hiyo. Mshahara wetu na malipo ya uzeeni hayabadiliki mpaka barua itoke. Hesabu ya kubadilishia ikikosewa, hasara yatuangukia sisi na mama auzaye mchicha. Basi twaomba mambo matatu: kiwango kitangazwe miezi mingi kabla, bei ziandikwe kwa fedha zote mbili, na noti za zamani zipokelewe kwa muda wa kutosha, ili aliyefunga akiba yake katika pindo la khanga asibaki na karatasi tupu.

Shilingi ya kwanza ilitoka London, babu zetu wasiulizwe. Hii yatengenezwa na sisi wenyewe. Makarani tujuao hesabu tusikae kimya: tuusome mkataba, tuuzungumze mikutanoni, na tupeleke maswali yetu kwa wabunge kungali mapema.