Pima Mnyororo Kabla Haujala Gia

Likizo ya Agosti inapowadia, jamaa nyingi za mjini hufunga virago kwenda kuwaamkua wazee mashambani. Kwa wale ambao kwao ni Kitui au Makueni, mara nyingi kitu cha kwanza kukimbiliwa na vijana ni baiskeli ya babu iliyoegemezwa ukutani. Kwa vijana ni mchezo. Kwa nyanya ni maji ya kupikia. Siku baiskeli hiyo inapolala, kuna mtu atakayeteremka mtoni kwa miguu na kupanda na mtungi mgongoni, kamba ikimkata kipajini.

Iwe ni ile Black Mamba nzito ya magurudumu ya inchi 28 na breki za fito, au ni ile ya milimani yenye gia nyingi aliyonunuliwa kijana wako Nairobi, nguvu za miguu hupitia njia moja tu: pedeli, gia ya mbele, mnyororo, kisha gia ya nyuma ambayo mafundi huiita friwili. Vitu hivi huzeeka pamoja, na mmoja akiugua huwaambukiza wenzake. Leo tujifunze kuwapima.

Ukambani mnyororo una maadui wawili. Wa kwanza ni mzigo. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji; mitungi minne ni kilo 80, uzani wa mtu mzima mnene. Wa pili ni mchanga. Mito kama Tiva, Thua na Nzeeu kule Kitui, au Kaiti na Thwake kule Makueni, huwa mikavu sehemu kubwa ya mwaka, na watu hufukua mchanga ili kuyafikia maji. Baiskeli inayoteremshwa huko kila siku hurudi na vumbi ndani ya viungo vyake.

Watu husema mnyororo umevutika. Kusema kweli, chuma hakivutiki kama mpira. Kila pingili huzunguka juu ya kijipini, na vumbi likichanganyika na oili hugeuka kuwa kama tupa. Kila kijipini kikiliwa kidogo tu, na mnyororo ukiwa na vijipini zaidi ya 100, mwisho wake huwa mrefu kuliko ulivyotoka kiwandani. Hapo pingili hazilali tena sawasawa baina ya meno ya gia. Hupanda juu ya jino na kulisaga.

Utajuaje? Huhitaji chombo cha bei. Chukua rula ya mwanafunzi yenye inchi 12, ikiwa ni ya chuma ni bora zaidi. Katika baiskeli hizi zote, kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata ni nusu inchi. Mwambie mtoto ashike breki ya nyuma, nawe ukanyage pedeli kidogo ili upande wa juu wa mnyororo ukaze. Weka mwanzo wa rula katikati ya pini moja, uihesabu kuwa ya kwanza, kisha uhesabu hadi ya 25. Mnyororo mzima utaikuta pini hiyo penye inchi 12 barabara.

Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, yaani kama milimita moja na nusu, baiskeli ya gia nyingi inadai mnyororo mpya. Ile ya gia moja ina mnyororo mnene na yaweza kuvumilia zaidi kidogo, lakini anza kuweka akiba. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya nane ya inchi, milimita tatu hivi, hapana mjadala tena. Na huenda gia ya nyuma imekwisha kuliwa.

Sasa tazama meno. Jino zima limesimama wima, pande zake mbili zinafanana. Jino lililoliwa huwa limeinama upande mmoja, jembamba na lenye ncha kama pezi la papa. Anza na gia ya nyuma, kwa sababu ndiyo huisha kwanza. Hesabu yake ni rahisi: ikiwa mbele kuna meno 44 na nyuma 22, kila ukizungusha pedeli mara moja, gia ya nyuma huzunguka mara mbili. Jino la nyuma hufanya kazi maradufu ya jino la mbele.

Hapa ndipo pesa za watu wengi hupotelea. Mtu hubadilisha mnyororo akaacha friwili yenye meno ya papa. Akifika kwenye mwinuko, mathalani kule Mbooni au Kilungu, na kukanyaga kwa nguvu, mnyororo mpya huruka meno, mguu unateleza, naye anaangukia upau. Atasema ameuziwa mnyororo mbovu, kumbe mnyororo hauna hatia. Meno yakiwa yameinama, nunua mnyororo na friwili pamoja. Lakini ukibadilisha mnyororo mapema, friwili moja yaweza kumaliza minyororo miwili au mitatu. Na mnyororo ndio wa bei nafuu kati yao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kuna na hila nyingine ya kuangalia. Mnyororo ukilegea, gurudumu la nyuma husogezwa nyuma kidogo ili ukaze, na hilo ni sawa. Baadaye nafasi ya kusogeza huisha. Hapo baadhi ya watu hukata pingili, wakaunga upya, na baiskeli ikaonekana imepona. Haijapona. Mnyororo umekuwa mfupi, lakini kila pingili iliyobaki bado ni ndefu kuliko nafasi ya jino, nayo itaendelea kutafuna gia. Kabla ya kukubali kukatiwa, toa rula yako upime.

Friwili nayo ina ndani yake vidole vidogo vya chuma vinavyoshika ukikanyaga mbele na kuachia ukirudisha nyuma. Inua gurudumu, urudishe pedeli nyuma, usikilize: mlio uwe wa mfululizo. Ukikanyaga mbele na pedeli ikazunguka bure bila kushika, pengine ni uchafu. Isafishe kwa mafuta ya taa, kisha utie oili nyepesi, wala si grisi nzito inayogandisha vile vidole. Ikikataa baada ya hapo, usiipakie mzigo. Ibadilishe.

Kwa Black Mamba, shika mikono ya pedeli uitikise. Ikigonga, pini inayoishikilia imelegea. Ikazwe siku hiyo hiyo au ibadilishwe, maana ikiachwa itaila tundu la mkono wenyewe, na hapo gharama itakuwa nyingine.

Kinga yake ni kazi ya dakika 10 kila wiki, ambayo kijana wa shule aweza kuifanya. Sugua mnyororo kwa mswaki mzee uliochovywa katika mafuta ya taa, mbali na jiko, uache ukauke. Tia tone moja la oili kwenye kila pingili, zungusha pedeli, kisha upanguse nje kwa kitambaa. Oili inayohitajika ni ile iliyo ndani. Ile ya nje huita vumbi. Oili nyeusi iliyomwagwa kutoka kwa injini ya gari usiitumie, kwa kuwa imebeba uchafu na chembe za chuma. Na watoto waweke vidole mbali mnyororo unapozunguka.

Kwa hivyo, msomaji wangu, mwaka huu unapofunga sukari na majani chai ya kuwapelekea wazee, tia pia rula mkobani. Pima baiskeli siku ya kwanza, ukiwa ungali na nauli na akiba mfukoni, wala si asubuhi ya kuondoka. Zawadi ya mnyororo mpya haina urembo, lakini nyanya atakuombea dua kila mtungi unapofika jikoni.