Gesi ya Kinamasi

Mwenye macho haambiwi tazama. Jeshi la Anga la Marekani lilitumia zaidi ya miaka ishirini kuwaambia wenye macho kwamba hawakuona. Tangu 1947 hadi 1969, katika miradi mitatu iliyofuatana, Sign, Grudge na Blue Book, lilikusanya taarifa 12,618 za raia, marubani na askari walioona angani vitu wasivyovitambua. Kisha likafunga majalada na kutangaza kuwa hapana hatari. Taarifa 701 zilibaki bila ya maelezo.

Wapo wanaodai kuwa dhambi ya jeshi hilo ni kuwaficha wageni kutoka sayari nyingine. Dai hilo halina ushahidi, tena linaifunika dhambi yenyewe. Jeshi lilimdharau shahidi. Aliyeuliza ameona nini hakuhesabiwa kuwa mtu wa kujibiwa, bali mtu wa kutulizwa.

Msingi wa dharau hiyo uliwekwa Januari 1953, pale jopo la wanasayansi lililoitishwa na CIA, chini ya H. P. Robertson, lilipokaa siku chache likaamua kuwa cha kuogopwa ni wingi wa taarifa, ambao ungeweza kuziba njia za mawasiliano adui akishambulia. Likapendekeza umma uelimishwe kwa filamu na televisheni hadi mambo hayo yapoteze mvuto. Kanuni za jeshi zilizofuata ziliwaruhusu maofisa kuvieleza vyombo vya habari visa vilivyokwisha kutambuliwa tu. Kwa hivyo umma ulisikia majibu, haukusikia maswali yaliyolishinda jeshi.

Machi 1966, huko Michigan, makumi ya wanafunzi wa chuo, polisi na wakulima walisimulia mianga waliyoiona usiku. J. Allen Hynek, mtaalamu wa nyota aliyekuwa mshauri wa jeshi, akawaambia waandishi kwamba yumkini ilikuwa gesi ya kinamasi. Huenda alisema kweli. Lakini watu walioishi jirani na vinamasi hivyo walijiona wamefanywa wajinga, na mbunge kutoka Michigan, Gerald Ford, aliyekuja kuwa Rais, akadai Bunge lifanye uchunguzi.

Watetezi wa jeshi husema ule ulikuwa wakati wa vita baridi, na siri ilikuwa lazima. Hoja hiyo ina uzito, ila haifiki inakopelekwa. Mwenye siri hunyamaza. Hana haja ya kuzua. Ndege ya upelelezi ya U-2 ilipoanza kuruka mwaka 1955, juu kupita ndege zote za abiria, marubani waliona mbawa zake ziking'ara jua linapozama, wakatoa taarifa. Wachunguzi wa Blue Book walijua ni nini, lakini waliwajibu kwamba ni barafu angani au mabadiliko ya joto. Historia iliyoandikwa ndani ya CIA na kutolewa mwaka 1997 imekiri hayo. Kunyamaza kungelitosha kuilinda U-2. Uwongo ulimwondolea rubani imani na macho yake mwenyewe.

La kuvunda halina ubani. Mabaki yaliyookotwa karibu na Roswell mwaka 1947 yaliitwa kwanza kisahani kirukacho, kisha puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 jeshi likakubali kwamba yalitokana na mradi wa siri wa Mogul, wa maputo ya kunasa sauti za majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Miaka 47 ilikuwa imepita, na umma ulikwisha kujitungia maiti za viumbe wa ajabu. Jeshi linalowacheka watu kwa ngano hizo ndilo lililozilea.

Mwaka 2022 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliunda afisi mpya ya kuchunguza taarifa kama hizo. Ikiwa kilichoonekana ni siri, na iseme ni siri. Ikiwa haikijui, na iseme haikijui. Anayeleta ushahidi wa macho yake anastahiki angalau hilo.